Shafti Haigusi Beringi Yake

Fundi wa injini akishafungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuzitoa beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, jambo la kwanza analolifanya si kupima. Huchukua ile beringi, kibamba chembamba cha chuma kilichopindwa nusu duara, akaifuta oili kwa kidole gumba, kisha akaiinamisha upande wa jua. Ikiwa uso wake wote ni wa kijivu kilichofifia, huiweka kando bila kusema neno. Ikiwa pana baka jekundu lenye rangi ya senti za zamani, husema, "Shaba imetoka," na mwenye gari hujua kwamba hesabu aliyokuja nayo asubuhi haitamtosha.

Baka lile lina habari kubwa kuliko bei ya spea. Beringi ya namna hiyo mara nyingi ina tabaka tatu: mgongo wa feleji, juu yake tabaka la shaba iliyochanganywa na metali nyingine, na juu kabisa ngozi laini ya kijivu yenye unene wa karibu maikromita 20, yaani nyembamba kuliko unywele. Shaba ikionekana, ngozi hiyo imekwisha. Lakini imekwishaje, ikiwa injini haikukosa oili hata siku moja? Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba oili huzifanya metali mbili ziteleze vizuri zinaposuguana, kama sabuni inavyoiwezesha pete kuvuka kifundo cha kidole. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaliacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote. Injini nzima inapozunguka kwa kasi yake ya kazi, krenki haitelezi juu ya beringi zake, kwa sababu haizigusi. Inaelea.

Ili kuona uzito wa neno hilo, yafaa kuanza na metali zinazogusana kweli. Mwishoni mwa karne ya 15 Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake kwamba nguvu ya kukikokota kitu hukua kadiri uzito wake unavyokua, wala haitegemei upana wa sehemu inayogusa chini. Madaftari hayo yalikaa karne nyingi bila kuwafikia wanasayansi, kwa hiyo Mfaransa Guillaume Amontons alilazimika kuyagundua upya mambo yaleyale, akayaeleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1699. Mwaka 1785 Charles-Augustin Coulomb aliyapanua, akionyesha pamoja na mengine kwamba kitu kikavu kikishaanza kuteleza, msuguano wake haubadiliki sana kwa kubadilika kasi.

Jambo la kwanza halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni. La pili ndilo lililowasumbua watu kwa karne mbili na nusu. Tofali lililolazwa kwa ubapa linagusa sakafu kwa eneo kubwa kuliko lililosimamishwa kwa ubavu, na bado nguvu ya kulivuta ni ileile. Kama msuguano ni mgusano, inakuwaje mgusano ukiongezeka msuguano usiongezeke?

Jibu lililoaminika lilitoka kwa Philip Bowden na David Tabor, watafiti wa Cambridge, katikati ya karne ya 20: eneo tunaloliona kwa macho silo eneo linalogusa. Uso wa chuma, hata ukisuguliwa mpaka ukaakisi uso wa mtu, una vilima na mabonde, na nyuso mbili zikiwekwa pamoja hukutana kwenye vilele vichache tu. Chukua mchemraba wa feleji wenye upande wa sentimita 10, wenye uzito wa karibu kilo 8, uuweke juu ya bamba la feleji. Kwa macho, milimita za mraba 10,000 zimegusana. Lakini feleji laini hubonyea shinikizo linapofika takriban paskali bilioni 1.5, na vilele vichache vilivyoubeba mche huo hubonyea mpaka vipate eneo linalotosha kuubeba, halafu huacha. Ukigawanya uzito kwa shinikizo hilo unapata milimita za mraba 0.05 hivi. Kati ya eneo lote lile, sehemu moja kwa laki mbili ndiyo inayogusa kweli. Feleji hiyohiyo ikichongwa iwe bapa au ndefu, uzito haubadiliki, kwa hiyo eneo halisi la mgusano nalo halibadiliki. Ukiuongeza uzito mara mbili, eneo halisi linaongezeka mara mbili, na msuguano vilevile. Kitendawili cha Amontons kinateguliwa kwa hesabu ya mstari mmoja.

Kwenye vilele hivyo mambo huwa makali. Shinikizo ni kubwa kiasi kwamba metali safi zikikutana hushikana kama zilizochomelewa, bila moto. Msuguano mkavu wa metali ni, kwa sehemu kubwa, nguvu ya kuvikata viungo hivyo vidogo huku vipya vikijengwa mbele yake. Feleji kavu juu ya feleji kavu huwa na kizigeu cha msuguano cha 0.6 hivi, maana yake mzigo wa kilo 100 unakokotwa kwa nguvu inayokaribia ile ya kuinua kilo 60. Na kiungo kinapokatika, si lazima kikatike pale kilipoungana. Mara nyingine kipande kinang'oka upande mmoja na kubaki kimeganda upande wa pili. Huo tayari ni ulaji wa chuma, na injini iliyokosa oili kabisa huufikisha mwisho wake ndani ya dakika chache: viungo vinaongezeka kuliko vinavyokatika, joto linapanda, na krenki inakamata.

Sasa tumfuate Mwingereza Beauchamp Tower. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza kilimpa kazi ya kupima msuguano katika beringi za ekseli, za aina iliyokuwa ikitumika kwenye mabehewa ya reli. Kifaa chake kilikuwa rahisi kueleweka: shafti ya kipenyo cha inchi 4, ikizunguka huku sehemu yake ya chini imezama kwenye bakuli la oili, na juu yake beringi ya nusu duara iliyofunika mgongo wa shafti na kubebeshwa mzigo. Katikati ya jaribio alitoboa tundu juu ya beringi, akitaka kuweka hapo kikombe cha kutilia oili, kama ilivyokuwa desturi. Alipoiwasha mashine, oili haikushuka. Ilipanda kupitia lile tundu, ikafurika na kumwagika juu ya beringi.

Tower aliziba tundu kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akapigilia kizibo cha mbao, nacho kikatoka polepole mbele ya macho yake. Mwishowe akafunga geji ya presha mahali pa kizibo, na mshale ukapita paundi 200 kwa inchi ya mraba, ambapo geji yenyewe iliishia. Mzigo wote uliokuwa juu ya beringi, ukigawanywa kwa eneo lake, haukuzidi paundi 100 kwa inchi ya mraba. Maana yake ilikuwa moja: oili iliyokuwa katikati ilikuwa imeibeba beringi na mzigo wake wote, na chuma hakikuwa kimegusa chuma. Ripoti yake ilitoka mwaka 1883. Napenda kisa hiki kwa sababu ya jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka. Watu wa reli walikuwa wametoboa matundu ya oili juu ya beringi kwa miaka mingi, wakiamini wanailisha. Kumbe walikuwa wakiipasua pale hasa ambapo oili ilikuwa imebeba mzigo mkubwa zaidi, na nguvu yote ya kubeba ikipotelea kwenye tundu lao.

Aliyeeleza sababu ni Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, katika andiko la mwaka 1886 ambalo milinganyo yake ingali inatumika na wabunifu wa injini hadi leo. Shafti ni nyembamba kidogo kuliko tundu la beringi, kwa hiyo inapobebeshwa mzigo haikai katikati. Inakaa upande mmoja, na nafasi iliyopo kati yao inakuwa kama kabari, pana upande huu na nyembamba upande ule. Oili hunata kwenye uso wa shafti na hukokotwa nayo. Inaingizwa kwenye mdomo mpana wa kabari na kulazimishwa kwenda kwenye ncha nyembamba, ambako haitoshi kupita yote kwa wakati mmoja. Inajibana, shinikizo linapanda, na shinikizo hilo ndilo linaloinua shafti. Dereva aliyewahi kuingia kwenye dimbwi kwa kasi wakati wa masika, usukani ukawa mwepesi ghafla kana kwamba hauna tairi, ameyaonja maji yakifanya kazi hiyohiyo: tairi imeyaswaga mbele yake mpaka yakaunda kabari, na gari likapanda juu ya maji. Barabarani ni hatari. Ndani ya beringi ndiyo salama yenyewe.

Hapa pana fundo moja la kufungua. Watu wengi, wakiwamo mafundi wazuri, hudhani kwamba pampu ya oili ndiyo inayoinua krenki, na kwamba presha inayosomwa kwenye dashibodi ndiyo nguvu inayozitenganisha metali. Sivyo. Pampu hutoa shinikizo la baa tatu, nne au tano hivi, ilhali shinikizo ndani ya kabari ya oili hufika mamia ya baa kila silinda inapofyatua. Kazi ya pampu ni kama ya mchota maji: kuhakikisha oili ipo mlangoni, ya kutosha na isiyo na hewa, ili shafti ijitengenezee yenyewe shinikizo la kuiinua. Ndiyo maana taa ya oili ikiwaka ni jambo la kuzima injini papo hapo wala si la kuvumilia mpaka kituo kinachofuata. Taa haisemi kwamba nguvu ya kuinua imepungua kidogo. Inasema kwamba mchota maji amekuja mikono mitupu.

Tabaka la oili linalobaki kwenye sehemu nyembamba kabisa ya kabari huwa na unene wa maikromita chache tu, wakati unywele wa mtu una maikromita 50 hadi 100. Hata hivyo tabaka hilo linatosha, kwa kuwa vilele vya chuma kilichosuguliwa vizuri ni vifupi kuliko hapo. Msuguano unaobaki si tena wa chuma kukata chuma, bali wa oili kuteleza ndani ya oili, na kizigeu kinashuka hadi karibu 0.001 au juu yake kidogo. Mzigo wa kilo 100 uliokuwa ukihitaji nguvu ya kilo 60 sasa unasogezwa kwa nguvu ya gramu mia chache.

Lakini kabari inajengwa na mwendo, na mwendo ukikosekana kabari haipo. Mjerumani Richard Stribeck alilionyesha hilo waziwazi mwaka 1902 kwa kupima msuguano wa beringi kuanzia kasi ndogo kabisa hadi kubwa. Mchoro uliotokana na vipimo vyake ulibeba jina lake. Mwanzoni, shafti ikizunguka polepole, msuguano uko juu kwa sababu vilele vinagusana. Kasi ikiongezeka oili huanza kubeba sehemu ya mzigo, na msuguano unashuka kwa ghafla. Unafika chini kabisa pale ambapo vilele vinakaribia kuachana, halafu kasi ikizidi unaanza kupanda tena taratibu, safari hii kwa sababu oili yenyewe inapinga kukokotwa. Mambo matatu huamua uko wapi kwenye mchoro huo: kasi, mnato wa oili (yaani ugumu wake wa kutiririka), na mzigo. Kasi na mnato vikiongezeka, metali zinaachana. Mzigo ukiongezeka, zinakaribiana.

Mtu akiuelewa mchoro huo, mambo mengi ya barabarani yanajieleza. Dereva anayepanda mlima na shehena kwa gia kubwa, injini ikiguna na gari zima likitetemeka, anadhani anaitunza injini kwa kutoipigisha kelele. Kwa beringi za krenki anafanya kinyume, maana ameupandisha mzigo na kuishusha kasi kwa wakati mmoja, akaisogeza shafti kwenye upande wa mchoro ambako vilele vinagusana. Vivyo hivyo injini iliyolala usiku kucha. Krenki imezama taratibu mpaka ikakaa juu ya beringi, oili nyingi imerudi kwenye sampu, na kilichobaki ni utando tu. Mizunguko ya kwanza ya asubuhi hufanyika juu ya utando huo. Anayewasha na papo hapo kukanyaga mafuta mpaka mwisho ili injini ipate moto haraka, anadai kabari kabla haijajengwa.

Zipo pia sehemu ambazo kabari haiwezi kudumu hata injini ikimbie vipi. Ringi za pistoni, kwa mfano, husimama kabisa kila pistoni inapofika juu na kila inapofika chini, na kusimama kule kwa juu hutokea karibu na pale ambapo joto na shinikizo la moto viko juu kabisa. Pua za kemshafti, shafti inayofungua vali, nazo hubonyeza eneo dogo mno. Huko ndiko kwenye kazi ya utelezi halisi, ule ambao watu huufikiria wanapotaja oili. Wenye injini za mvuke wa karne ya 19 walitia shahamu kwenye silinda, na walikuwa na sababu nzuri: molekuli za mafuta ya mnyama zina ncha moja inayopenda kushika chuma na mkia mrefu usiojali, kwa hiyo hujipanga kama majani ya ukoka juu ya uso wa metali, na nyuso mbili zikikutana hukutana mikia kwa mikia. Oili inayotokana na mafuta ya ardhini ikiwa tupu haina ushikaji huo, ndiyo maana hutiwa viungo, yaani kemikali za kuisaidia. Kiungo mashuhuri kuliko vyote, kilichoanza kutumika miaka ya 1940, kimeundwa kwa zinki, fosforasi na salfa. Kikikutana na joto na mkwaruzo huungana na uso wa chuma na kujenga utando mgumu kama kioo, mwembamba sana, ambao hulika badala ya chuma na kujengwa upya muda wote kiungo kinapokuwapo kwenye oili. Kinapokwisha, oili inaweza kuwa bado imejaa hadi alama ya juu, na injini ikawa imebaki bila kinga.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kumwaga oili kwa wakati, wala si rangi yake. Nimesikia mara nyingi oili ya injini ya dizeli ikilaumiwa kwa kuwa nyeusi baada ya siku chache. Weusi huo ni masizi, na kuyafanya yaelee kwenye oili ni kazi ya viungo vya kusafisha, ambavyo huyashikilia yasigande kwenye mifereji ya injini. Oili inayobaki na rangi ya asali kwa miezi ndani ya dizeli ndiyo ya kutiliwa shaka. Kuisugua kati ya vidole viwili na kutamka kwamba imekuwa maji pia hakusaidii sana, kwa sababu kidole hakina uwezo wa kuona viungo vilivyokwisha wala asidi iliyoongezeka, na oili yoyote ya moto huonekana kama maji.

Kuhusu mnato wenyewe, namba zilizoandikwa kwenye galoni zinatisha kuliko zinavyostahili. Katika 15W-40, namba ya kwanza pamoja na herufi W, iliyotokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, inaeleza jinsi oili inavyopita kwenye baridi. Ya pili inaeleza mnato wake kwenye nyuzijoto 100, karibu na joto la injini iliyokwisha kupata moto. Oili ya namna hiyo hupoteza mnato karibu mara saba kati ya nyuzi 40 na nyuzi 100, kwa hiyo kuilinganisha kwa macho dukani ni kulinganisha kitu ambacho injini haitakiona. Imani iliyoenea kwamba oili nzito ndiyo bora ina kweli nusu. Mnato mkubwa hujenga kabari nene, na injini iliyochakaa, yenye nafasi kubwa kati ya krenki na beringi, inaweza kweli kutulia kidogo ikipewa oili nzito. Lakini injini mpya imechongwa kwa nafasi ndogo iliyopimwa pamoja na oili yake. Ukiitia nzito zaidi, asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, inapita kidogo kwenye beringi na hivyo inaondoa joto kidogo, na mafuta unayoyanunua kwenye kituo yanatumika kukoroga oili.

Turudi kwenye lile baka la shaba. Mwaka 1953 Mwingereza John Archard alitoa kanuni fupi ya kukadiria ulaji: kiasi cha chuma kinachopotea hukua kwa mzigo na kwa umbali uliotelezwa, na hupungua kwa ugumu wa uso. Katika kanuni hiyo kuna namba moja inayobeba yote yasiyojulikana, na namba hiyo hutofautiana kwa mamia ya maelfu kati ya nyuso kavu zinazoshikana na nyuso zilizolainishwa vizuri. Kwa hiyo kuongeza ugumu wa chuma mara mbili ni faida ndogo ukilinganisha na kuzitenganisha nyuso. Na kinachoziunganisha tena mara nyingi si kukosekana kwa oili. Ni vumbi.

Sehemu kubwa ya vumbi la barabara zetu ni mchanga uliosagika, na madini ya mchanga huo, kwazi, ni magumu kuliko feleji ya krenki iliyotiwa ugumu. Chembe kubwa zinazoonekana kwa macho si tishio kuu kwa beringi, kwa kuwa haziingii kwenye nafasi ile. Chembe ndogo mno nazo hupita ndani ya tabaka la oili bila kugusa pande zote mbili. Zinazoumiza ni zile zenye ukubwa unaokaribiana na unene wa tabaka lenyewe, maikromita chache hadi 20 hivi, ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona na ambazo filta ya kawaida ya oili huziachia kwa sehemu. Chembe ya namna hiyo huziba pengo, inashika pande zote mbili na kulima. Ngozi laini ya kijivu ya beringi iliwekwa kwa ajili yake: inakubali chembe izame ndani yake mpaka isijitokeze tena. Isaac Babbitt wa Massachusetts ndiye aliyelianzisha wazo la metali laini ya namna hiyo, mwaka 1839. Lakini kila ngozi ina kiasi chake cha kumeza, na ikishajaa, chembe zinazokuja baadaye hubaki zimesimama na kuichora krenki mistari.

Vumbi hilo huingilia wapi? Wengi huangalia filta ya oili, ilhali mlango mkuu ni filta ya hewa. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 2,000 za hewa kila dakika, na kwenye barabara ya vumbi nyuma ya lori, hewa hiyo ni mchanga unaoelea. Unapita kwenye silinda, unashikwa na oili iliyo kwenye kuta, unakwanguliwa na ringi na kushushwa kwenye sampu, na kutoka hapo pampu inaugawa kwa kila beringi bila upendeleo. Nimeona filta ya hewa ikipulizwa kwa kompresa mpaka karatasi yake ikatoboka, kisha ikarudishwa kwa fahari kwamba imekuwa safi. Ilikuwa safi kweli. Na desturi ya kuipaka cheni ya bodaboda oili chafu iliyomwagwa gereji ni jamaa ya jambo hilo: oili chafu imebeba masizi, asidi na unga wa chuma, inanasa vumbi lote la njiani, na mchanganyiko huo husaga meno ya sproketi kama msasa. Mikono inayoipaka kila siku nayo haifai kusahauliwa, maana oili iliyokwisha tumika ni sumu kwa ngozi.

Beringi za gololi zina fizikia yake, ambayo ni ya ajabu kuliko ya krenki. Gololi na njia yake hugusana kwenye nukta ndogo, shinikizo linapita paskali bilioni moja, na chini ya shinikizo hilo oili hugeuka kuwa karibu ngumu kwa muda wa kupepesa, huku chuma chenyewe kikibonyea kidogo kuipa nafasi. Utando unaopatikana mara nyingi hauzidi maikromita moja. Grisi inayotiwa humo si kitu tofauti na oili: ni oili iliyonyonywa na sabuni ya metali kama lithiamu, mfano wa sponji, nayo huivujisha kidogo kidogo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuua beringi ya mashine ya kusaga kwa wema. Nikiwa kijana niliyeachiwa mashine ya ndugu, niliipiga grisi kila asubuhi mpaka ikatoka pembeni, nikiamini kwamba kinachozidi hakiharibu. Siku ya nne kibanda cha beringi kilikuwa hakishikiki kwa joto. Mzee fundi aliyeitwa alikifungua, akachota kwa kijiti ugiligili wa kahawia uliokuwa umebaki, akaninusisha. "Mwanangu," akasema, "umeilisha mpaka imevimbiwa." Grisi iliyojaza nafasi yote haina pa kwenda, gololi huikoroga mfululizo, ukorogaji hutoa joto, joto hutenganisha oili na sabuni, na oili ikishavuja inabaki sabuni kavu. Theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo tupu ndani ya beringi hutosha kwa mashine nyingi.

Elimu hii ilikaa muda mrefu imegawanyika: mwanafizikia na msuguano wake, mkemia na viungo vyake, fundi na beringi zake. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti iliyokadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuyashughulikia mambo hayo matatu kama jambo moja, na ripoti hiyo ikalipa jina, tribolojia, kutoka neno la Kigiriki la kusugua. Mwaka 2017 watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walikadiria kwamba karibu moja ya tano ya nishati yote inayotumiwa duniani huishia kwenye kuushinda msuguano.

Abiria wa basi la mbali huijua sehemu moja ya elimu hiyo bila kuambiwa jina lake. Basi limefika stendi, watu wamesimama na mizigo, na dereva ameiacha injini ikiunguruma dakika mbili tatu huku wao wakinung'unika kwa joto na moshi. Ndani ya tabochaja, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie hewa, shafti nyembamba kuliko kidole imekuwa ikizunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, upande mmoja ukiwa kwenye moshi wa moto wa injini, ikielea juu ya oili peke yake. Akizima ghafla, pampu inasimama papo hapo, lakini shafti bado inazunguka na gurudumu lake bado ni la moto mkali. Joto linatambaa hadi kwenye beringi, na oili iliyonaswa humo inaungua na kuwa mkaa. Dereva anasubiri shafti ipunguze kasi na oili iendelee kupita mpaka joto lishuke. Kisha anageuza ufunguo, injini inanyamaza, na krenki inaanza kushuka taratibu juu ya beringi zake.